Mzigo Usioonekana

Siri nyingi hutunzwa kwa ulimi, lakini siri ya mimba changa hutunzwa kwa mwili mzima. Mwenye nayo hula na wenzake, huteka maji nao na hucheka nao, huku ndani yake kazi kubwa imekwisha kuanza. Kwetu Ipole, katika wilaya ya Sikonge, mwanamke hujifunza mapema kuwa mimba haitangazwi. Yapasa ijionyeshe yenyewe, jicho la hasidi lisije likaiona kabla haijashika.

Nchi ya Unyamwezi ni nchi ya wapagazi. Katika karne ya 19 wazee wetu walichukua pembe za ndovu kutoka Tabora hadi Bagamoyo, na wanawake nao walikuwamo katika misafara. Mzigo wa kichwani huonekana, na aelemewaye hupata wa kumpokea. Mzigo wa majuma ya kwanza hauonekani, na kwa hivi hauna mpokezi.

Lakini majuma hayo ndiyo yenye kazi nzito. Umri wa mimba huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho; basi mwanamke akosapo siku zake, mimba imekwisha kuwa ya juma la 4. Kufikia juma la 6 mfereji utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo umefunga, na moyo umeanza kupiga. Ndiyo sababu vidonge vya asidi ya foliki hufaa zaidi vikianzwa kabla ya kushika mimba. Usingizi huzidi, matiti huuma, haja ndogo haiishi, na kichefuchefu huja karibu na juma la 6, kisha kwa wengi hupungua baada ya juma la 12. Mimi harufu ya tumbaku ilinifukuza mlangoni pa bani, na ilinifukuza kwa heri, maana majani mabichi yaliyolowa hupenyeza sumu yake katika ngozi ya ayachumaye.

Mimba yangu ya kwanza ilitoka katika juma la 9. Aliyeijua alikuwa mume wangu peke yake. Siku ya tatu nilikuwa shambani, kwa kuwa hapakuwa na mtu ajuaye sababu ya mimi kulala. Habari ilipovuja, waliokuja kunipa pole waliniuliza nilinyanyua nini, na nilimkosea nani. Mkunga mmoja hakuniuliza neno. Aliniambia kuwa katika kila mimba 100 zilizojulikana, 10 hata 20 huharibika, nyingi kabla ya juma la 12. Na sababu iliyo kubwa ni kasoro ya tangu kutungwa, si jembe wala husuda. Maneno yale yalinitua mzigo ambao hakuna aliyeuona.

Mimba ya pili ilipoingia nilimwambia mama mkwe. Alinitazama kitambo, akasema, "Mwanangu, siri ya watu watatu bado ni siri." Tangu siku ile tumbaku akaichuma yeye, na kabla ya juma la 12 tulikwenda pamoja zahanati nikapimwa damu, malaria, kaswende na virusi vya Ukimwi. Tena alijua la kuchunga: damu, homa, kutapika kusikokoma, na maumivu makali ya tumbo, hasa ya upande mmoja, ambayo huweza kuwa dalili ya mimba iliyotunga nje ya mji wa uzazi. Hayo hayangoji mapambazuko.

Sisemi mila ya kunyamaza ivunjwe. Ina huruma yake, kwani humkinga mwanamke na masikio ya kijiji. Nasema ipunguzwe ukali. Mwanamke na achague mmoja au wawili wenye moyo wa kuchukua. Kimya cha watu watatu ni sitara; kimya cha mtu mmoja ni upweke, na upweke haujapata kumlea mtoto wala kumfariji mama.