Chungwa la BA Rock

Nilikuwa na miaka kumi na saba, na chungwa mkononi. Ilikuwa Novemba 1982, hapa Buenos Aires, kwenye tamasha la BA Rock. Vita vya Malvinas, kati yetu na Waingereza, vilikwisha Juni mwaka ule. Wakati wa vita redio zilikatazwa kupiga nyimbo za Kiingereza, hivyo roki yetu ya Kihispania, iliyokuwa ikibanwa miaka yote, ikajikuta inapigwa asubuhi hadi usiku. Tulikwenda kusikia magitaa. Wakapanda Los Encargados, kundi la Daniel Melero, na vinanda vyao vya umeme. Tuliona tumetukanwa. Vitu vikaanza kuruka, na chungwa langu likawamo. Sijui lilimpata nani. Niligeuza uso upesi, kama mtoto aliyevunja mtungi.

Miaka miwili baadaye Soda Stereo walitoa albamu yao ya kwanza. Humo mlikuwa na wimbo wa polepole, "Trátame suavemente", niliokuwa nikimwimbia msichana mmoja wa mtaani kwetu. Siku moja nikasoma jina la mtunzi kwenye jalada. Melero! Sikumwambia mtu.

Desemba 14, 1991, nilikuwa barabara ya 9 de Julio Soda walipopiga bure. Umati ule hauna mfano. Mwimbaji wao Gustavo Cerati, gitaa begani, alikuwa mfalme wa bara zima. Angeweza kurudia yale yale na tungemshangilia. Badala yake, 1992, ikatoka *Colores santos*, na juu ya jalada majina mawili: Cerati, Melero.

Niliinunua kaseti, nikaisikiliza chumbani na kaka yangu, mpiga gitaa wa baa, mtu asiyependa mashine hata ya kufulia. Vipande vya sauti vilikatwa, vikarudiwa na kurudiwa mpaka vikawa ngoma. Katika "Vuelta por el universo" sauti ya Cerati ilikuja karibu mno, kana kwamba ananong'ona nyuma ya shingo yangu.

"Gitaa liko wapi?" kaka akauliza.

"Limo. Sikiliza vizuri."

"Mdogo wangu, huu si muziki, hili ni jokofu linalonguruma."

Nilicheka, ila swali lake lilinichoma. Ndilo nililouliza mimi kwa chungwa. Na jibu lilikuwepo: gitaa limezama ndani ya mashine kama chumvi ndani ya mchuzi, hulioni, lakini likiondolewa utajua. Mwaka ule ule Soda wakatoa *Dynamo*, mkono wa Melero ukiwamo, na manung'uniko ya mashabiki yakaanza upya. Safari hii nilinyamaza.

Kaseti yangu ya *Colores santos* ilipotea wiki ile ile ya kuinunua. Nilimshuku kila aliyeingia nyumbani.

Cerati alifariki Septemba 4, 2014, baada ya miaka minne ya kulala bila fahamu. Jioni ile kaka akanipigia simu. Hakunisalimu.

"Kaseti yako ninayo mimi," akasema. "Utepe umelegea, lakini bado inapiga."