Risasi Tano za Baba

Tangu niache chuo mwaka wa pili, Baba alikuwa akiniongelesha kupitia Mama. "Mwambie kijana wako afunge geti." Miaka miwili hivyo. Kisha Jumapili moja, nyumbani Nkubu, akaniita mezani. Rivolva yake ilikuwa juu ya kitambaa, silinda wazi, matundu matano matupu.

"Wewe husoma simu usiku kucha. Hebu nisomee hii. Ninunue risasi gani?"

Baba ana duka la hadiwea Embu. Kila Jumamosi jioni anarudi kupitia Chuka na pesa za wiki chini ya kiti. Leseni anayo, na cheti kinataja hata idadi ya risasi anazoruhusiwa, kwa hivyo hizi si viatu vya mtumba, ujaribu jozi tatu ndio uchague.

Nikasoma, manze, kuliko nilivyowahi kusomea mtihani. Kuna risasi ya kawaida, yenye kichwa cha mviringo. Hiyo inaweza kupita ndani ya mtu na kuendelea na safari. Kuna yenye tundu kichwani, ikigonga mwili inachanua na kupoteza kasi, mara nyingi inabaki humo humo. Sawa. Lakini ya Baba ni .38 ya mtutu mfupi, na mtutu mfupi unainyima risasi kasi. Bila kasi, tundu linaweza kukosa kuchanua, au likajaa nguo. Na nani Meru hutembea usiku wa Julai bila jaketi zito? Hapo umerudi kwa ile ya kwanza. Zipo zenye nguvu zaidi, ila bastola nyepesi inapiga mkono vibaya, na vidole vya Baba vina yabisi. Ya kwanza ingeenda alikolenga. Ya pili, Mungu ndiye anajua.

Nyanya alikuwa pembeni anachambua maharagwe. Akasema, bila kuinua kichwa, kwamba wakati wa Emajensi risasi moja mfukoni ilitosha kukunyongesha. Hakutia chumvi. Kesi ya Dedan Kimathi, Nyeri, 1956, ilihusu bastola ya .38 pia, na risasi sita. Alinyongwa Februari 18, 1957.

Baba hakumjibu. Alikuwa ananingoja mimi.

Nikagonga ukuta kwa kidole. Nyumba yetu ni ya mbao. Upande wa pili wa chumba chake wanalala watoto wa dada yangu.

"Baba, hizi zote zinapita hapa."

"Hata hiyo ya kuchanua?"

"Hata hiyo."

Akautazama ukuta kitambo. Akafunga silinda ikiwa tupu, akairudisha kwenye sefu, akatoka na tepu ya kupimia.

"Mawe yataingia mangapi hapa?" akauliza, akininyooshea ncha ya tepu. "Shika huko. Vuta."