Kisiwa Panza: Mwamba Uliofungwa

Ng'ambo ya Chokocho, kusini mwa Pemba, mashua haichukui muda mrefu kutufikisha Kisiwa Panza. Anayefuata mwezi mwandamo hana haja ya kuuliza ni lini miamba ya huko itatoka majini. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapotimia, na maji yakipwa kina mama hushuka na fimbo zao za chuma kutafuta pweza kwenye matundu.

Kiumbe huyu, tunayemjua zaidi akiwa supu, umri wake hauzidi sana mwaka mmoja. Jike hutaga mara moja tu maishani, malaki ya mayai, akayatundika ndani ya tundu lake, akayalinda na kuyapulizia maji kwa takribani mwezi mzima bila kula. Yakianguliwa, hufa. Basi anayemchomoa kabla ya siku hizo amepata kilo chache za nyama na ameondoa kizazi kizima. Sheria ya Tanzania hukataza kuvua pweza wa chini ya gramu 500. Ni sheria njema, lakini humkinga mtoto, haimkingi mama.

Ndiyo maana wanakisiwa hufunga sehemu ya mwamba kwa miezi mitatu. Njia hii ilijaribiwa mwaka 2004 kijijini Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, Bukini ya wazee wetu. Pweza hukua upesi mno, hata miezi michache ya subira huonekana kwenye mizani.

Lakini subira hiyo haiwalemei wote sawasawa. Mwamba ukifungwa, mzamiaji mwenye miwani na ngalawa huhamia maji mengine. Mama anayekwenda kwa miguu hana pengine pa kwenda. Siku ya kufungua, wanunuzi wa pweza wa kupelekwa viwandani, na kutoka huko hadi Ulaya, humpokea yeyote aliyetangulia. Sisi twaona kamati za uvuvi zifungue siku ya bamvua, na saa za mwanzo ziachiwe waendao kwa miguu. Mzamiaji aweza kuvua hata maji yakiwa mafu. Kina mama wana siku chache tu katika kila nusu ya mwezi, nazo hukatika maji yanapoanza kujaa.