Mama Hayumo kwenye Sanamu

Ukishuka Posta, Dar es Salaam, ukaingia Mtaa wa Samora, utamkuta Askari wa shaba kashika bunduki, singe kaielekeza bandarini. Yupo hapo tangu 1927. Machinga humpita, magari humzunguka, wageni hupiga naye picha. Maandishi chini yake yanawakumbuka askari, kisha wapagazi, kisha wengine wote waliotumika na kufa katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918.

Kila nikifika hapo kwenye "wengine wote", namfikiria mama yake huyu Askari.

Vita vile vilikula chakula cha nani? Jeshi la Waingereza peke yake lilitumia wapagazi wapatao milioni moja Afrika Mashariki, na kwa wengi wao kulibaki nyumbani shamba na mwanamke wa kulilima. Ugogoni, eneo la Dodoma ya leo, Wajerumani walichukua vijana, ng'ombe na nafaka. Waingereza walipofika mwaka 1916, nao wakachukua. Mvua zilipogoma, ghala zilikwisha kufagiliwa. Ikaingia njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, iliyodumu tangu 1917 hadi 1920. Inakadiriwa kwamba iliua watu 30,000. Mama aliyekuwa akihangaika kutafuta mizizi porini ili watoto walale na kitu tumboni, huenda mwanawe mkubwa alikuwa vitani, naye hajui kama yu hai.

Wapo pia wanawake waliokwenda na vita vyenyewe. Wake wa askari wa jeshi la Wajerumani waliufuata msafara wa kamanda wao, von Lettow-Vorbeck, wakipika, wakibeba mizigo, wakijifungulia njiani, mpaka jeshi lile lilipojisalimisha Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia, Novemba 1918. Huko vita vikaisha. Jikoni Ugogoni viliendelea hadi 1920.

Simwonei Askari kijicho. Naye alikuwa mtoto wa mtu. Ila nimejifunza kwamba heshima zetu hufuata macho: anayeonekana ndiye anayesifiwa. Sanamu ya vita vile iliyoko Nairobi ina wanaume watatu, ya Dar es Salaam ina mmoja, na mwanamke hayumo hata kwenye moja. Wala tusiwalaumu wakoloni peke yao. Nenda msiba wowote: msemaji wa familia atashukuriwa kwa jina, mwenyekiti wa kamati kwa jina, aliyetoa gari kwa jina. Aliyekesha nyuma ya nyumba akichochea kuni, macho mekundu kwa moshi, ataambiwa "na akina mama wote, asanteni". Shukrani ya jumla ni nusu ya kusahau.

Kila tarehe 25 Julai, Tanzania huadhimisha Siku ya Mashujaa. Dodoma, makao makuu ya nchi, imesimama katika ardhi ileile ya Wagogo iliyozika watu wa Mtunya. Hapo ndipo panapostahili ukumbusho wa mama aliyelisha vita asivyovianzisha. Halmashauri, wasanii na wanahistoria wetu wanaweza kulifanya hilo bila kusubiri mfadhili.

Nawe msomaji una sehemu yako. Muulize bibi yako jina la bibi yake, alilima nini, alizika wangapi, alimngoja nani asirudi. Liandike leo, kabla bibi hajaondoka nalo.