Kazi ya Kiongozi Katika Skauti

Ndugu wasomaji, ninyi tulio pamoja shuleni na ninyi wakubwa wetu mliokwisha kutoka, napenda kueleza kidogo juu ya kazi ya kuongoza katika chama cha Skauti. Huu ndio mwaka wangu wa mwisho hapa, na karibuni watachaguliwa wengine wa kushika nafasi zetu. Nimewasikia wadogo zetu wakiulizana, "Nani atapata cheo?" Sijamsikia bado anayeuliza, "Cheo hicho kina kazi gani?" Nami nitalijibu swali hilo la pili.

Chama chenyewe si kipya. Mwaka 1907 Bwana Baden-Powell, ambaye kaburi lake liko Nyeri katika Kenya, aliwachukua wavulana wapatao ishirini mpaka kisiwa cha Brownsea, Uingereza, akawagawanya katika vikosi vinne, na kila kikosi akakipa kiongozi aliye kijana kama wao. Hapa Rwanda uskauti ulianza mwaka 1940, na chama chetu kikaingia katika umoja wa Skauti wa dunia mwaka 1975. Mgawanyo ule wa vikosi ndio tunaoufuata hata leo: kijana huongozwa na kijana mwenzake, na mtu mzima hukaa karibu akiangalia.

Katika kundi letu viongozi ni hawa. Kiongozi wa kikosi hutunza vijana sita mpaka wanane. Yampasa ajue nani anaumwa, nani hana viatu vya kazi, na nani kwao ni mbali. Msaidizi wake hutembea nyuma ya mstari ili asiachwe mtu. Katibu huandika kila linalopatanwa. Mtunza fedha hupokea michango yetu midogo, na kila mwisho wa mwezi huisoma hesabu mbele ya wote, hata kama zilizomo ni faranga chache tu. Mtunza vyombo huhesabu majembe na makoleo yanapotoka, akayahesabu tena yanaporudi. Wengi huidharau kazi hii, lakini jembe la kuazima likipotea, safari nyingine hapana atakayetuazima. Juu ya hao yuko kiongozi wa kundi, ambaye huitisha baraza la viongozi, na hukutana na wenzake wa shule jirani ili wapatane shule ipi itafanya kazi wapi. Kazi hiyo ya mwisho ndiyo niliyopewa mimi.

Mahali petu pa kufanya kazi ni Kimisagara, katika wilaya ya Nyarugenge, hapa Kigali. Kwa msomaji asiyepajua, nyumba za huko zimepanda mlima kama ngazi, na chini kabisa ni Nyabugogo, penye kituo kikubwa cha mabasi. Kati ya nyumba hupita mfereji wa Mpazi, unaokusanya maji ya mvua kutoka vilima vya juu na kuyamwaga katika mto Nyabugogo. Wakati wa kiangazi maji yake ni haba. Lakini masika, tangu Machi mpaka Mei, mfereji huweza kujaa ghafula. Mtu aliye chini aweza kuwa amesimama pakavu, hali mvua imekwisha kunyesha huko juu, na maji yako njiani.

Kila Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya nchi nzima, kuanzia saa mbili mpaka saa tano asubuhi. Sheria humtaka kila mwenye miaka 18 mpaka 65 ashiriki. Basi wengi wetu huja kwa hiari, maana hawajafika umri huo. Mtoto wa mtu akija kwa hiari, dhamana ya kiongozi huwa kubwa zaidi, wala si ndogo.

Mwezi wa Aprili tulipewa sehemu ya kuzoa taka na mchanga ndani ya mfereji, pamoja na wakazi. Ilipokaribia saa nne, wingu zito lilifunika vilima vya juu. Kiongozi wa kikosi cha pili, kijana wa miaka 16, akapiga filimbi na kuwaamuru vijana wake watoke. Mzee mmoja akamwambia, "Mwanangu, mbona mnakimbia wingu? Kazi haijaisha." Akajibu kwa adabu, "Samahani mzee, hawa wote nimekabidhiwa mimi." Akawatoa mmoja mmoja, naye akatoka wa mwisho.

Mvua haikunyesha. Wingu lilipita, jua likatoka, na watu wakatucheka. Vijana wenyewe walinung'unika kwamba wameaibishwa mbele ya mtaa.

Jumatatu baraza lilikutana, na wawili wakataka kijana yule avuliwe uongozi. Nilimwomba katibu asome daftari. Likasomwa neno tulilolipatana sote mwezi wa Machi: wingu likifunika vilima vya juu, asibaki mtu ndani ya mfereji. Nikamwuliza mtunza vyombo kama kuna kilichopotea katika haraka ile. Akasema majembe yalikwenda kumi na manne, yakarudi kumi na manne. Ndipo nikawauliza wenzangu, "Kama maji yangalikuja, tungalimsifu. Je, yeye alikuwa na njia gani ya kujua kuwa hayatakuja?" Hapana aliyejibu. Tukapatana abaki katika nafasi yake.

Lakini hatukuishia hapo, kwa kuwa kazi ya wakazi ilikuwa imeachwa nusu. Jioni ile mimi na yeye tulikwenda kwa mkuu wa mudugudu, tukamweleza sababu, tukaomba tumalize sehemu yetu Jumamosi iliyofuata ikiwa hali ni njema. Alikubali. Tukaenda, tukamaliza. Mzee yule aliyetucheka alikuja na koleo lake.

Basi wenzangu mtakaochaguliwa, nawaachia maneno matatu. Kwanza, yaandikeni mapatano yenu wakati wa utulivu, maana wakati wa hatari hapana nafasi ya kubishana. Pili, msimpime kiongozi kwa bahati ya siku ile. Mpimeni kwa yale aliyoyajua alipoamua. Tatu, kiongozi akisimamisha kazi kwa ajili ya usalama, deni la kazi libaki kwake mpaka limelipwa. Bila hivyo watu watadhani tahadhari ni jina jingine la uvivu.

Nanyi wanafunzi wa zamani, ambao wengine wenu mliongoza kundi hili kabla yetu, tunaomba mje siku moja ya umuganda mfanye kazi pamoja nasi. Majembe yapo, na yamehesabiwa.

Cheo ni dhamana. Anayekitaka na aanze kwa kuuliza ni nani atakaokabidhiwa.