Udongo Ungali Maji

Inyonga haina bahari. Ina msitu wa miombo, mizinga ya nyuki juu ya matawi, na asali isafirishwayo mbali. Ndipo yalipo makao makuu ya Wilaya ya Mlele, mkoani Katavi, na ndipo madiwani wanapokaa kupanga matumizi ya mapato ya halmashauri.

Msomaji na amfikirie mtoto wa miaka mitatu katika mji kama huo, ambaye miguu yake haimchukui. Wenziwe wakikimbilia kivulini, yeye hubebwa. Mgongo wa mama ndio kiti chake cha kwanza. Lakini mtoto huongezeka uzito, na mgongo hauongezeki nguvu. Siku mgongo utakaposhindwa, mtoto atabaki mkekani, na dunia yake itakuwa na upana wa mkeka.

Si kwamba Serikali imenyamaza. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, unaotaka vifaa vya kujongelea vipatikane kwa gharama nafuu. Mwaka 2010 ikatunga sheria yake. Mwaka 2018 halmashauri zikatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani, na katika hizo asilimia 2 ni za watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisitishwa 2023, ukarejeshwa 2024. Ni jambo la kusifiwa. Lakini fedha hizo ni mikopo ya kuendeshea shughuli za uzalishaji, japo haina riba. Mtoto wa miaka mitatu hakopi. Hana kikundi, hana duka, hana marejesho.

Haki yake, basi, haiwezi kuwa mkopo. Sharti iwe fungu la bajeti lirudilo kila mwaka. Kiti kimfaacho leo kitambana akitimiza mitano. Kifaa cha kusaidia kusikia hutaka betri, na kipande chake cha sikioni hubadilishwa kadiri sikio linavyokua. Msaada wa siku moja, wenye hotuba na picha, husahau kwamba watoto hukua.

Wahenga walinena: udongo uwahi ungali maji. Maneno, mwendo na urafiki hufinyangwa katika miaka michache ya mwanzo. Kifaa kitakachofika mtoto akiwa na kumi kitapokewa kwa shukrani, lakini kitakuta mengi yamekwisha kukauka.