Sauti Ndefu Kutoka Berlin

Msikilizaji wa pwani amezoea ala kulitumikia neno: katika taarabu fidla hutangulia, kisha humpisha mwimbaji. Phaedra, santuri ya mwaka 1974 ya kundi la Tangerine Dream la Berlin, haina mwimbaji wa kupishwa. Upande wake wa kwanza ni kipande kimoja cha dakika zaidi ya 17, kisicho na neno.

Edgar Froese, Christopher Franke na Peter Baumann waliirekodi Uingereza mwishoni mwa 1973. Mtambo wao wa Moog, uliorudiarudia mapigo ya besi, ulipopata joto ulianza kupotoka, sauti ikahama taratibu kutoka mahali ilipopangwa. Wangeweza kufuta na kuanza upya. Waliiacha, na hapo ndipo uzuri wa santuri ulipo: mashine inasikika kama kitu chenye pumzi.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Old Moshi, juu ya mji wa Moshi, huisikiliza usiku, huku maji yakipita katika mfongo nyuma ya migomba. Husema muziki huu na mfongo ni ndugu: vyote havikimbilii mwisho, ila mwenye zamu akifunga maji, shamba linajua limenyweshwa. (Malenga wa vina na mizani huenda wakaguna.)

Lakini mjukuu wake alimwuliza, “Babu, huoni uchungu kusikiliza sauti za Berlin?”

Swali si la kitoto. Hapo Old Moshi, tarehe 2 Machi 1900, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli pamoja na viongozi wenzake, na inaaminika kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Mwaka 2023 uchunguzi wa vinasaba uliyaunganisha mafuvu machache yaliyohifadhiwa Berlin na jamaa zao walio hai Tanzania. La Meli halikuwamo, ingawa ukoo wake umelitafuta kwa miaka mingi.

Mwalimu alijibu kwamba vijana wale watatu hawakumnyonga mtu. Jibu ni la kweli, ila halitoshi, na yeye mwenyewe anaonekana kulijua hilo. Hakuitupa santuri, wala hakuacha kuipenda. Ila usiku wa tarehe 2 Machi haiweki. Nyumbani mwake husikika mfongo peke yake.